Ngiri wa Ukutani

"Ulicheka, Bi Paa! Usinipindishie maneno, meno yako niliyaona kwa macho yangu."

"Shoga, nani hakucheka? Soko zima lilicheka. Tulijua atainuka!"

Mama Ngiri akashika ua uliozitenga nyumba zao, asije akaanguka. Jana jiwe liling'oka kwenye mnara wa kasri, likampata mumewe palepale sokoni. Watu wakaangua kicheko, wakangoja ainuke, amekuwa bapa kama chapati, ajikung'ute vumbi aende zake. Ndivyo afanyavyo Ngiri wa ukutani. Walipochoka kucheka, mwenzao alikuwa keshapoa.

Maana katika nchi ya Mfalme Chui, kila jioni raia hujazana mbele ya ukuta wa kasri kutazama katuni, na asiyekwenda kesho yake hana la kuzungumza. Chui wa katuni ni shujaa. Paa ana kope ndefu. Ngiri sasa, ndiyo usiseme: mvivu, mwizi wa viazi, wa kuangukiwa na mawe. Sauti yake huitoa Kasuku, ambaye hajapata kunywa hata maji nyumbani kwa Ngiri yeyote.

Mama Ngiri akaenda barazani.

"Mtukufu Mfalme, naomba Ngiri yule asipigwe mawe tena. Nina mtoto anayepita njia ileile."

Washauri wakatazamana. "Mbona haongei kama Ngiri?" akanong'ona mmoja.

Kasuku akamsaidia. Akayarudia maneno ya mjane kwa ile sauti yake ya puani, ya kigugumizi, na baraza likavunjika mbavu. Mfalme akajifuta machozi.

"Serikali yetu ni sikivu," akasema. "Hamtaki kuchorwa hivyo? Basi hamtachorwa kabisa. Mchoraji, mfute."

"Sikuomba tufutwe, Mtukufu."

"Ombi limekubaliwa." Makofi yakapigwa.

Jioni ile kandili kubwa ikawashwa nyuma ya watazamaji, ukuta ukang'aa. Soko lilelile, mnara uleule, ila pale aliposimama Ngiri pana weupe mtupu. Jiwe likashuka, likaupiga ule weupe. Watu wakacheka vilevile, tena kirefu kuliko kawaida. Kisha mmoja mmoja wakaanza kugeuza shingo, wakitafuta ni nani aliyepigwa, hadi macho yao yakatua kwa mtoto wa Mama Ngiri.

Wakangoja.

Mama Ngiri akamfunika mwanawe kwa mwili wake. Alisikia pumzi za mji mzima, kicheko kimeshikiliwa kooni.

Ndipo ukutani kikatokea kivuli chenye masikio marefu. Bi Paa alikuwa amesimama mbele ya kandili.

"We Bi Paa, keti, unatuzibia!"

"Ndiyo, nawazibia," akajibu.

Sungura akainuka. Kobe naye, aliyekuwa hata haonekani, akapanda juu ya kiti. Vivuli vikajaa ukutani, virefu kwa vifupi, picha ikamezwa. Kasuku, aliyekuwa ndani ya kasri, hakuambiwa kitu. Akaendelea kulia kwa sauti ya puani, "Nimekufa, jamani, nimekufa!" Hakuna aliyecheka.

Bi Paa akaandamana na jirani yake mpaka wakafika mlangoni kwake yeye Bi Paa. Akausukuma, akasogea pembeni.

"Sikuombi unisamehe, Mama Ngiri. Viazi vimeiva. Ingieni, mle, wewe na mtoto."