Milango Miwili ya Figo

Kipimo cha damu kilimtupa Evenor nje ya msimu. Kila mwaka, kabla ya kukata miwa, kiwanda huwapima wakataji. Figo ikiwa mbovu, jina haliandikwi. Mwisho wa taka zinazoruhusiwa kwenye damu ulikuwa moja nukta mbili. Damu yake ilisoma moja nukta tisa. Kaka yake Leoncio alianza na namba kama hiyo, akazikwa akiwa na miaka thelathini na minane.

Evenor alimjua mchawi wake. Mwezi uliopita nesi alimwanzishia vidonge vya presha. Kabla ya vidonge alikuwa mzima, baada ya vidonge figo imeharibika. Hesabu hiyo haikuhitaji shule.

Akavitia vyote kwenye mfuko, na mchana, akitoka kukata miwa ya mbegu, kibarua kisichohitaji kipimo, akavipeleka kituo cha afya kuvirudisha.

Alipoketi, ukuta ukaanza kupumua. Benchi likaelea. Nesi Azucena, binti wa jirani yake, alimpima presha, akakunja uso, akamchanganyia maji ya chumvi na sukari.

"Don Evenor, unaniona?"

"Nakuona. Mko wawili."

"Basi kunywa kwa ajili yetu wote wawili. Leo umekula nini?"

"Wali na maharage. Kahawa. Na zile mbili."

"Zile mbili zipi?"

"Za mgongo."

"Mgongo ulikuwa unauma?"

"Bado. Unameza kabla haujauma. Mnyapara anazigawa kama peremende."

"Na mimi nilikuuliza unatumia dawa gani, ukasema hakuna."

"Uliuliza dawa. Zile ni kifungua kinywa."

Azucena akavuta kiti. "Sikiliza. Kwenye figo kuna vichujio vidogo sana. Damu inaingia kwa mlango mmoja, inatoka kwa mwingine. Presha yako ilikuwa inavisukuma mpaka vinachakaa. Kidonge changu kinalegeza mlango wa kutokea, vinapumzika. Sasa wewe kila alfajiri unabana mlango wa kuingilia kwa zile mbili zako za maumivu. Halafu unakata mpaka saa sita bila maji, usije ukaachwa nyuma. Damu yenyewe imepungua. Kichujio kichuje nini?"

Sauti yake ilikwenda mbali. Evenor alifumba macho, akajiona anatembea ndani ya mwili wake na buti za mpira, kwenye shamba jekundu lisilo na mwisho. Mlango wa juu wa mfereji ulikuwa na kutu, umeacha upenyo wa kidole kimoja. Wa chini ulikuwa wazi, na kile kidogo kilichoingia kiliteleza kikaenda zake kabla ya kulowesha chochote. Ng'ambo alisimama Leoncio na kofia yake, buti zake kavu. Evenor alishika gurudumu la mlango wa juu kwa mikono miwili akalizungusha, nalo likasogea kidogo, likilia.

Alipofumbua macho, daktari wa kituo alikuwa ameshatoa amri: vidonge vya presha visimame siku chache, mpaka mwili ujae maji, kisha vianze tena kwa kiasi kidogo. Zile mbili aziache kabisa.

"Na mgongo?"

"Utauma," alisema Azucena.

"Asante kwa kunifariji."

Uliuma kweli. Kwa wiki nzima alilala kwenye machela ya kamba akinywa maji, siku zikimpitia kama mawingu, hajui ipi ni Jumanne. Chilo, mkataji mwenzake, alikuja kumtazama.

"Umekuwa samaki, ndugu yangu. Nipe kitambulisho chako, nikakalie kiti cha kipimo mimi kwa jina lako. Damu yangu ni sifuri nukta tisa. Kwa masizi haya ya kuchoma miwa, nani atatujua?"

Wengi waliingia shambani hivyo. Evenor akamimina maji mengine.

Siku ya kipimo cha pili, ambacho kiwanda huwapa walioshindwa, Chilo alimngoja mlangoni, mkono wa shati umeshakunjwa. Evenor akampita, akaketi mwenyewe, akanyoosha mkono wake mwenyewe.

Moja nukta nne. Bado ilizidi mwisho; karani hakuliandika jina lake.

"Mkaidi wee," Chilo alimwambia nje. "Ungekuwa ndani sasa hivi."

"Imeshuka."

"Imeshuka, halafu? Utakula namba?"

Evenor alikunja karatasi ya majibu mara mbili, akaitia mfuko wa kifuani. "Nikikata msimu huu itapanda tena, nawe utabeba jeneza. Kula tutaona."

Chilo akashusha mkono wa shati lake, akafunga kifungo.