Bi Zafarani Aliyekuja na Nyumba

Shule niliishia darasa la sita, Tanga, kwa hiyo vitabu vinene mimi husomewa. Msomaji wangu ni mjukuu, Zahraa, anayesoma chuo kikuu hapa Toronto na kuniita Dadi, yaani bibi kwa Kihindi chetu. Yeye hukigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili kilichopinda, nami nakinyoosha huku nachambua dengu.

Juzi alileta kile kitabu cha mama mmoja wa Kimarekani, cha zamani za mababu, kilichowaliza watu mpaka wakauchukia utumwa. Siku hizi, asema Zahraa, kinagombaniwa: eti mtumwa wake mpole mno, hata jina lake limegeuka tusi. Mimi sikugombana na mtu. Nililia tu, dengu zikapata chumvi kabla ya kupikwa.

"Wazungu hawana haya!" nikasema. "Mtu anauzwa kama kabati!"

Tukafika mahali bwana mmoja kafilisika, nyumba yake inauzwa pamoja na watu waliomo. Zahraa akainua macho. Akaitazama picha ya ukutani: babu yangu kwenye kiti, Pangani, enzi za Mjerumani. Nyuma yake kasimama mwanamke mweusi, kampakata baba yangu, kitoto kichanga.

"Dadi, huyu ndiye Bi Zafarani?"

"Ndiye. Alimlea baba."

"Yule wa… mzaha wako?"

Mzaha wangu huo! Miaka hamsini nawachekeshea wageni: "Babu alinunua nyumba, Bi Zafarani akaja nayo, kama mlango!" Niliurithi kwa baba, naye alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Nilifungua mdomo nicheke. Kicheko hakikuja. Ungo ukaniponyoka, dengu zikatawanyika zuliani.

"Alinunuliwa," nikasema.

"Dadi, hukujua?"

"Nimelisema mwenyewe miaka yote, mwanangu. Sijapata kulisikia."

Alhamisi mwanangu Baqir alikuja, kama kila wiki, kusoma majina ya marehemu wetu tuwaombee. Kwa kawaida humtania kwamba anasoma kama aliyeacha basi linamngoja. Safari hii nilimshika mkono.

"Mwongeze Bi Zafarani."

"Nani, yule wa mlango?" Akacheka.

Hakuna aliyecheka naye. Akatutazama, mimi na Zahraa, kisha akatoa kalamu. Katika orodha yetu kila marehemu kaandikwa na baba yake.

"Zafarani binti nani, Mama?"

Mimi, ambaye hata malaika wa kaburini nimeshamwandalia jibu la ujeuri, niligeukia ukutani. Nikaitazama picha. Bi Zafarani alikuwa akimtazama mtoto.

"Sijui," nikasema. "Acha nafasi hapo."