Dola Ishirini za Semisi

Sauti kwenye simu ilimwita "Shangazi" kwa Kitonga safi, na hicho ndicho kilichomtia Losaline wasiwasi. Tangu lini kampuni ya kudai madeni ikawa na adabu?

"Mimi Semisi, mtoto wenu. Ni lile deni la friji, wewe na marehemu mzee, mumeo. Limeshafika dola elfu tatu na mia tisa."

"Friji gani? Ilishakufa hiyo, na aliyeinunua kashakufa."

"Najua, shangazi. Ila wakubwa zangu wanalitaka gari lako. Nitumie ishirini tu, niwaonyeshe una nia. Usiniache nirudi mikono mitupu."

Hapo alimpata. Bila gari, Losaline hafiki kwenye nyumba ya wazee, ng'ambo ya mji wa Logan huku Australia, anakofua mashuka. Hana kazi, hana chakula. Na Mtonga gani, tena shangazi mtu, amrudishe mtoto wa nyumbani mikono mitupu? Kidole kilikuwa kishafika kwenye kitufe cha kutuma pesa. Kisha akajiuliza: anayedai maelfu, mbona anabembeleza ishirini?

"Kesho," akasema, akakata.

Asubuhi alikwenda ofisi ya ushauri wa bure wa madeni. Mshauri, mama mmoja aitwaye Maree, alipekua makaratasi.

"Mara ya mwisho mlilipa lini?"

"Miaka tisa sasa."

"Waliwahi kuwashtaki? Mliwahi kuwaandikia kwamba mnadaiwa?"

"Wala."

"Basi miaka sita ya kisheria imeshapita, deni limezeeka, mahakama haiwezi kukulazimisha kulipa. Wakienda mahakamani, unawaambia hivyo hivyo. Na gari hawaligusi bila mahakama. Ila ukilipa hata dola moja, mama, hesabu inaanza upya."

Losaline alikusanya makaratasi yake kwa hasira. Kampuni ni kampuni, hakutarajia huruma kwake. Aliyemuuma ni huyu mwenzao, aliyelichukua neno shangazi akalifanya chambo. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Saa tisa alasiri simu ikalia.

"Shangazi, vipi ile ishirini?"

"Ipo. Kwanza, we mtoto wa nani?"

"Wa Lavinia. Wa kijiji cha Leimatuʻa, kule Tonga."

"Lavinia msuka mikeka?"

"Ndiye."

"Namjua. Haya, kwa jina la Lavinia, nijibu: nikituma hiyo ishirini, deni lililozeeka halifufuki?"

Nyuma ya Semisi, Losaline alisikia sauti nyingine nyingi, kila moja ikimbembeleza mtu kwa lugha ya kwao.

"Simu hii inarekodiwa, shangazi," Semisi akasema polepole.

"Vizuri. Irekodi na hili: silipi, na msinipigie tena. Mkiwa na neno, leteni barua."

"Nimeandika." Kisha akashusha sauti, na safari hii haikuwa sauti ya kazini. "Shangazi, mama naye wanampigia hivi hivi, kampuni nyingine. Ameshawatumia mara mbili. Nani kakufundisha haya?"

Losaline hakujua kama hicho nacho ni chambo. Hata hivyo alimtajia mtaa wa ofisi ya Maree, akamtajia na namba ya mlango.