Waya wa King'ora

Jumatatu asubuhi fundi aliifunga mashine ya boti kwenye kibao, akauzamisha mguu wa mashine ndani ya pipa la maji, akavuta kamba. Injini ilishika kwa mvuto wa tatu, na papo hapo king'ora kikaanza kulia, mlio mmoja mrefu usiopumua.

Mashine ilikuwa kuukuu, ya miaka ishirini na ushee. Mwaka uliopita ilizama mtoni pamoja na boti ya kivuko, abiria sita na nahodha, ambaye alikuwa kaka yake fundi, tumbo moja. Kampuni ya kivuko iliiopoa, ikamletea fundi aiandae kwa boti mpya. Mjini hakukuwa na fundi mwingine.

Mlio wa kukatikakatika ni oili. Mlio mrefu ni joto. Fundi alitazama kitundu cha nyuma. Maji ya kupoza yalichuruzika vizuri. Akaweka kiganja juu ya injini, ikawa vuguvugu tu. Oili ilijaa. Alibadilisha kihisi cha joto, king'ora kikalia. Alizima injini, kikalia. Alichomoa betri, akaibeba mpaka upande wa pili wa karakana. Kikalia.

"Umebaki waya," alijisemea, akachukua koleo.

Waya wa king'ora kwa kawaida hauzidi urefu wa mkono. Huu ulitoka chini ya kifuniko, ukatambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango. Fundi alifuta mikono kwa tambara, akaufuata.

Ulikuwa umepita kibarazani kwa kinyozi, ambaye alianika taulo zake juu yake.

"Huu waya una siku nyingi hapa?" fundi aliuliza.

"Tangu msiba wenu, dada. Nikaona si vibaya nao ukipata kazi."

Ulikatiza chumba cha mshonaji, ambaye alisogeza kiti bila kuacha cherehani. Ulivuka barabara. Ukaingia ofisi ya kampuni ya kivuko kwa tundu la ufunguo, ukapanda ngazi, ukazama kwenye kabati la mafaili, droo ya tatu.

"Pole na jua," karani alimwambia. "Huwa tunaufuta vumbi kila Ijumaa. Ila ufunguo wa droo anao meneja."

Meneja alifungua bila ubishi. Ncha ya waya, yenye alama ya kukatwa zamani kwa kisu, ilikuwa imejizungusha kwenye barua tatu zilizoloa chapachapa. Mwandiko ulikuwa wa kaka yake, ule wa herufi zilizolala upande kama watu waliochoka. Zote zilisema neno moja: raba ya pampu ya maji imekwisha, mashine inachemka, king'ora kinalia njia nzima, naomba pampu. Pembeni mwa barua ya tatu palikuwa na wino mwekundu: *Kelele zinasumbua abiria. Kata waya, endelea na kazi.*

Fundi alizisoma mara mbili, amesimama.

"Sahihi hii ni yako, mzee."

"Ni yangu."

"Ripoti yenu ya ajali imesema uzembe wa nahodha. Mmeibandika hapo chini, kila apitaye anaisoma."

"Naelewa, binti. Lakini faili lilishafungwa."

"Si umelifungua sasa hivi?"

"Nimefungua droo," meneja alisema kwa upole. "Faili ni jambo lingine. Hebu kata hapohapo, boti inaondoka saa nane."

Koleo lilikuwa mkononi. Ndipo fundi alipomkasirikia marehemu kwa mara ya kwanza, na hasira ile ikamuuma kuliko msiba wenyewe.

"Kaka aliambiwa hivyohivyo, akakata," alisema. "Mimi sikati."

Mchana uleule kampuni ilileta fundi kutoka mji mwingine. Alikata mara moja tu, king'ora kikanyamaza, watu wa mtaani wakashusha sauti zao. Kwenye ncha iliyobaki kabatini yakaanza kudondoka maji ya mto, yenye tope, siku nyingine na kidagaa kimoja kimoja. Karani aliweka ndoo. Mfagiaji aliongezewa kazi ya kuimwaga kila adhuhuri. Unyevu uliposhuka ukutani na kufuta maandishi ya ripoti, waliichapa upya, maneno yaleyale, wakaitia ndani ya plastiki.

Jioni ya Jumatatu ileile fundi alimweleza wifi yake, mjane wa kaka yake, yote. Wifi alisikiliza huku akikunja nguo za wanawe.

"Waya alikata mwenyewe?"

"Mwenyewe, wifi."

"Basi alijua," wifi alisema. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. "Kila asubuhi aliniaga akijua."

Fundi alivuta shati jingine, akaanza kulikunja. Alikaa naye mpaka nguo zikaisha.

Kesho yake wifi alishuka gatini, akavaa jaketi la kuokolea, akapanda boti mpya yenye mashine ileile, kwa kuwa kazi yake ilikuwa ng'ambo na njia nyingine haikuwepo. Safari nzima palikuwa kimya kabisa. Abiria mmoja alisema siku hizi kusafiri kumekuwa raha.