Taa za Pikipiki Juu ya Mto Athi

Akina mama mlio na vijana wa kuvusha watu, someni hii, kwa sababu mimi kusema nimesema mpaka midomo imekauka.

Mvua ikijaza mto hapa kwetu Ikutha, njia ya kwenda Makueni inakatika, na vijana wa bodaboda wanaegesha pikipiki, wanajiita manahodha. Mwanangu Musyimi ni mmoja wao. Mashua yake aliifungia taa za pikipiki: nyeupe mbele, nyekundu nyuma.

"Uliza wenye kujua maji," nikamwambia.

"Mwaitu, mama yangu, taa ni taa. Si naona mbele?"

Jumapili Musyimi alikuwa anatuvusha kutoka kanisa la ng'ambo, mimi na jirani yangu Kalekye na mbuzi aliyemnunua kwenye mnada wa kanisa. Giza lilikuwa limeshaingia. Mbele tukaona mashua ya Ahmednur, yule aliyejifunza kazi kule Tana. Ilikuwa na nyekundu na kijani.

"Huyo naye amefunga taa za Krismasi," Musyimi akacheka. Hakupunguza mwendo. Ahmednur pia hakupunguza.

Kalekye akapiga nduru. Musyimi akakata kona, mashua ikalala ubavu, mbuzi akaenda na maji. Mimi ningemfuata kama Kalekye hangenishika leso.

"We kichaa!" Ahmednur akapaza sauti. "Nimeona nyeupe peke yake. Hiyo ni ya nyuma! Nikajua unaenda, nikawa nataka kukupita. Kumbe unakuja!"

"Pikipiki zote ziko hivyo," Musyimi akajibu, bila aibu.

"Na hii iko na magurudumu? Nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Nikiona hizo rangi mbili pamoja, najua unanijia, nakupisha."

Tulipofika ukingoni, watu walikuwa wamejaa wakingoja kuvuka. Musyimi akasema, "Ingieni, taa nitabadilisha kesho."

Kesho! Na hawa wa leo si watoto wa watu?

Nikaichomoa kamba ya kuwasha injini ya mashua yake.

"Mwaitu, unaniaibisha!"

"Afadhali aibu kuliko matanga."

Abiria wakanitukana, wengine ni wa kanisa letu. Nikawaonyesha mashua ya Ahmednur ikirudi kutoka ng'ambo, wavuke na hiyo.

Kamba bado iko kwangu, nimeifunga kwenye leso. Musyimi amenuna, hata chakula changu hataki. Anune. Siku nitakaposimama ukingoni nione mashua yake ina nyekundu ubavu wake wa kushoto, kijani wa kulia, na nyeupe nyuma, nitamrudishia.