Léonie Akataa Kuwa Mti

Mwezi mzima Léonie alikuwa mti, na mti wenyewe akauchoka.

Madame Emerance, mwalimu wao pale kituo cha watoto walemavu cha Majengo, ndiye aliyeubuni mchezo huo. Watoto wanakaa mteremkoni wameshikana mikono: hao ndio miti. Wengine wanateremka mbio wakipiga kelele: hao ndio mvua. Mchoma makala, yale makaa ya kupikia, anakuja kukata miti, yaani kuondoa mtoto mmoja mmoja, mpaka mvua ipate pa kupitia na kusomba kijiji kule chini. Basi watoto wanajua, bila kitabu, kwa nini siku hizi mvua inakuja bila adabu na kubeba nyumba za watu. Mchezo mzuri, nani atabisha? Ila asiyetembea alikuwa mti leo, mti kesho, mti mpaka Yesu arudi.

"Madame, wazazi wakikuja Jumamosi kuangalia mchezo, miye nitakuwa mvua," Léonie akasema. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na ulimi wa mtu mzima.

"Na hiyo miguu, mama?"

"Kwani mvua iko na miguu?"

Emerance akacheka, kisha akaacha. Uwanja wao ni mawe matupu ya volkano, meusi, yanayokula hata viatu. Kiti cha magurudumu alicholetewa Léonie kilidumu siku nne tu. "Utaumia, mutoto wangu. Tena mukubwa wa wafadhili anakuja. Amesema musiotembea mukae mbele, mutulie, mupigwe picha."

Mutulie! Neno hilo lilimchoma Léonie. Mwaka ule wa 2021, mlima ulipotema moto, majirani walimwambia vilevile: tulia hapo, tutarudi kukuchukua. Aliyerudi ni baba yake peke yake. Alimlaza juu ya chukudu, ile baiskeli yake ya mbao isiyo na pedali, akamsukuma mpaka mji wa Sake.

"Kama si mvua, sikuje tena hapa," akasema Léonie, na hakuwa anatania.

Jioni akamkabili baba yake. Papa Théogène alikuwa msafirisha makala, lakini waasi walikuwa wamefunga barabara, na chukudu yake ilikuwa imeegemea ukuta wiki ya tatu.

"Papa, unipatie chukudu Jumamosi."

"Chukudu ni ya wanaume, Léonie."

"Siku ya moto ulinibeba juu yake. Siku ile nilikuwa mwanaume?"

Muzee akachukua nyundo, akapigilia juu ya chukudu kiti cha ubao na mshipi wa kumfunga kiunoni.

Jumamosi uwanja ulijaa. Chini ya mteremko, pale kwenye kijiji cha mchezo, yule mukubwa wa wafadhili, Barthélemy, alikuwa ameketi mezani na Fanta yake. Juu kabisa alikuwa Léonie kwenye chukudu, na nyuma yake Fiston, kijana asiyeona lakini mwenye mabega ya kusukuma magunia mawili.

"Wewe miguu, miye macho," Léonie alimwambia.

Emerance alipowaona alishika kichwa. "Léonie, shuka!"

"Sishuke!"

Papa Théogène akaingia uwanjani kuwa mchoma makala. "Kukata miti? Hiyo kazi naijua," akasema. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaondoa mti wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka pengo likaonekana wazi.

"Fiston, sukuma! Kushoto! Kushoto tena! Sasa acha!"

Wee! Chukudu ilipita kwenye pengo ikinguruma, wazazi wakatawanyika, meza ikapinduka, Fanta ikamwagikia suruali ya mukubwa. Léonie alianguka kwa ubavu, kiwiko kikachubuka, naye akacheka mpaka machozi. Maisha yake yote watu walimwonea huruma. Leo wamemkimbia, na ilikuwa tamu ajabu.

"Nani ameruhusu huyu?" Barthélemy alifoka. "Si nilisema watulie?"

"Mvua haitulie, Papa," Léonie akamjibu mukubwa kutoka chini. "Mukitaka itulie, rudisheni miti."

Wote wakamtazama Emerance, maana mwenye mfuko wa kituo ni huyo aliyelowa. Mwalimu akajifunga kitenge vizuri, akampa mukubwa mgongo, akawageukia watoto.

"Duru ya pili. Nani anataka kuwa mvua?"

Mikono yote ikaruka juu. Aubin, ambaye bomu lilimchukulia mikono miwili, akainua mguu.