Spoku ya Thelathini na Sita

Usiku wa jana niliota, na kabla sijasema niliota nini, ijulikane kwamba nilikuwa nimekula mishikaki minne tu. Mke wangu, Namkunda, anasema ni sita, lakini Namkunda huhesabu na ile niliyoonja ikiwa bado jikoni.

Mambo yalianza jana mchana. Mimi ni fundi baiskeli hapa Mwanga, na kwa wiki mbili nilikuwa na gurudumu la nyuma la Mwalimu Aikande, anayefundisha hesabu shule ya msingi na kwaya pale usharikani. Baiskeli yenyewe ni ya marehemu baba yake, Mzee Senzighe: ya mashindano, ya zamani, nyepesi, yenye usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo. Ringi ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu. Habu, yaani kile kitovu cha katikati zinaposhika spoku zote, ilikuwa nzima, tukaibakiza. Ringi mpya na spoku thelathini na sita tuliziagiza Arusha, maana urefu wa spoku za baiskeli zile haupatikani hapa. Leo Jumamosi Mwalimu ana mbio za kushuka mlima kutoka Usangi, kona juu ya kona, akiwa amekalia kazi yangu.

Sasa, jana shemeji alikuja bila taarifa. Namkunda alikuwa na maini na vitunguu, akapungukiwa chuma kimoja cha kuchomea. Nikampa spoku mpya, moja tu, ya dakika kumi. Ilitoka kwenye makaa imepinda na imegeuka bluu.

Baiskeli yangu mwenyewe ina spoku za urefu uleule. Niliitazama, nayo ikanitazama. Kutoa spoku moja na kuipeleka kwingine ni kazi ya nusu saa, na shemeji alikuwa anakula peke yake. Nikachukua spoku fupi ya baiskeli ya mtoto, nikaiongezea kipande cha waya, nikaunga kwa gundi, nikapaka rangi ya fedha. Funika kombe mwanaharamu apite. Gurudumu lilizunguka bila kuyumba, nikalitundika, nikanawa mikono, nikaenda kula.

Basi, katika ndoto nimekaa kibandani kwangu. Gurudumu la Mwalimu linakohoa pale lilipotundikwa.

“Fundi,” linasema, “lete benchi. Mazoezi yanaanza.”

“Mazoezi gani?”

“Ya kwaya. Wewe si ndiye uliyetusuka?”

Sikuona sababu ya kubishana. Nilizunguka nyuma ya kibanda, ninapotupa mipira mibovu, kutafuta benchi. Palikuwa na kanisa. Nikaingia, nikafuta miguu.

Spoku walikuwa wanaingia mmoja mmoja, wamevaa majoho ya kwaya. Fundi yeyote atakwambia kwamba spoku, kabla haijafika kwenye ringi, hukatiza nyingine tatu: mbili inazipitia kwa nje, ya tatu kwa ndani. Kule ndotoni hiyo ilikuwa adabu. Kila spoku aliyeingia aliwasalimu wenzake wawili uso kwa uso, halafu akapita nyuma ya wa tatu na kumsalimu kisogoni. Na kwa kuwa walikuwa spoku waliosukwa Upareni, salamu hazikuwa fupi. Waliulizana habari za nyumbani, za mama, za ng'ombe, za mfereji na za mahindi ya bondeni, kisha wakaanza upya kwa anayefuata. Nilikaa nikasubiri.

Katikati alisimama Habu. Alikuwa na upara uliopakwa grisi na alivaa tai niliyoijua. Ilikuwa tai ya Mzee Senzighe, ile ya kaki aliyoivaa hata akiendesha.

“Kumi na nane kulia, upande wa gia, ni soprano,” Habu alisema. “Kumi na nane kushoto ni besi. Upande wa gia unakazwa zaidi. Asiyetaka kukazwa aende akawe uzio.”

Kisha akaanza kuwakaza. Kanuni ya kukaza ni robo mzunguko kwa mara moja, usizidishe. Alimshika kila mwimbaji mabega na kumgeuza robo. Aliyekuwa akitazama madhabahu akawa anatazama dirisha, na sauti yake ikapanda kidogo. Aliponifikia mimi alinigeuza vilevile. Nikawa natazama ukuta, na mengi yaliyofuata niliyaona kwa pembe ya jicho.

Wimbo ulianza. Ulikuwa na noti mbili tu na beti thelathini na sita, kila spoku na ubeti wake. Ti, akaimba wa kwanza. Ti, akaimba wa pili. Nilijisikia vizuri, hata nikaanza kupiga mguu chini. Kazi ni yangu, nikawaza. Tukafika ubeti wa thelathini na tano. Ti.

Ubeti wa thelathini na sita haukuwa na sauti. Mdomo ulifunguka, ukafungwa.

Habu akashusha mkono. “Nani huyo?”

“Ni mimi,” akasema spoku wa mwisho katika mstari wa soprano. Joho lake lilikuwa refu kuliko yeye. Alinuka gundi.

“Mbona huimbi?”

“Mimi nipo tu, mzee. Niliambiwa nisimame hapa nijaze nafasi.”

“Na kuvuta? Unavuta?”

“Sijawahi. Nikivuta nakatika.”

Spoku wa thelathini na tano akanyoosha mkono. Alikuwa mtu mzima, mpole, aina ya mtu anayefika wa kwanza kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na kuondoka wa mwisho. “Mimi sina neno baya,” alisema. “Ila tangu jana jioni navuta mzigo wangu na wake. Huyu wa upande wa pili pia. Tukiwa tumetundikwa tunaweza. Ila leo tunashuka mlima na Mwalimu.”

“Mtafika wapi?” Habu akauliza.

“Kona ya tatu, tukijitahidi. Nikikatika mimi, jirani yangu anafuata. Na huyo akikatika, wengine hawatauliza kwa nini.”

Nikautazama ukuta kwa bidii.

“Na wa thelathini na sita wa kweli yuko wapi?” Habu akauliza.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia spoku amepinda mgongo, wa bluu toka kichwani hadi kiunoni. Alikuwa amebeba vipande vitatu vya maini. Alijaribu kuwasalimu wenzake watatu kama inavyotakiwa, ila mgongo haukumruhusu.

“Jitambulishe,” Habu akasema.

“Nilikuwa spoku,” akajibu. “Nilitoka Arusha kwa basi, nimefungwa kwa karatasi ya mafuta, nikiambiwa nakwenda kwenye mashindano. Sasa nina vitunguu.”

Besi mmoja akaanza kulia polepole.

“Ni nani aliyekufanyia haya?”

“Siwezi kumtaja mtu kanisani. Ila ndiye pekee humu ndani anayetazama ukuta.”

Wakanigeuza robo tatu zilizobaki.

“Fundi Sifaeli,” Habu akasema, “gurudumu liko sawa?”

Mtu akiwa na miaka ishirini katika kazi, kuna maneno ambayo mdomo huyasema wenyewe. “Liko sawa kabisa,” nikasema.

Wanne wa besi wakaninyanyua na kunibana katikati ya foku, ile panda inayoshika gurudumu, iliyogeuzwa juu chini, namna ninavyobana ringi mimi mwenyewe. Foku ilinishika masikioni. Kisha Habu akatoa chaki. Kazi ya chaki fundi anaijua: unaishikilia karibu na ringi inayozunguka, haiigusi, na mahali panapojitokeza ndipo panapojichora. Hapo ndipo pana kosa. Chaki yangu ni nyeupe, vipande ambavyo Mwalimu hunipa. Hii ya Habu ilikuwa ya bluu.

Wakanizungusha. Nazunguka. Naona dari, sakafu, dari, sakafu. Mara ya kwanza chaki haigusi kitu. Tumbo, ambalo nilikuwa na wasiwasi nalo, linapita salama.

“Gurudumu liko sawa?” Habu anauliza.

“Liko sawa.”

Chwi. Chaki imenigusa mdomo.

“Uliiweka spoku nzima?”

“Niliiweka.”

Chwi.

“Ulikula mishikaki mingapi?”

“Minne.”

Chwi, chwi. Waliposikia hivyo hata soprano wakatikisa vichwa.

“Kosa liko mahali pamoja tu,” Habu aliwaambia wenzake, kama daktari anayesoma majibu. “Kwingine kote kumenyooka. Inasikitisha, maana si fundi mbaya.”

Maneno hayo yaliniuma kuliko chaki. Nilitaka kumwambia kwamba nilidhani haitaonekana. Lakini kabla sijafungua mdomo, kanisa lilitikisika na kuanza kubingirika.

Ukuta niliokuwa nikiutazama kumbe ni ringi. Sote tumo ndani ya gurudumu, na gurudumu liko kwenye baiskeli, na baiskeli inashuka mlima wa Usangi. Juu yetu, mgongo umenyooka, amekaa Mwalimu Aikande na joho lake la kwaya likipepea. Anaimba. Hajui lolote. Spoku wanavuta kwa zamu: anayefika chini anakaza meno, akipanda juu anapumua, anauliza habari za ng'ombe, anashuka tena.

Kona ya kwanza. Wa thelathini na tano anasema, “Bado nipo.”

Kona ya pili. Hasemi kitu. Namtazama, nywele zimemsimama.

Niliogopa. Sisemi kwa kupamba. Nikafikiria watu wa kwaya wakimngoja bondeni kwenye mstari wa mwisho, na mimi nikiwa nimesimama nao na kipande cha ini kwenye meno. Nikapaza sauti kumwita.

“Mwalimu,” nikaita, “simama, gurudumu...” na mdomo, umejaa chaki, ukamalizia wenyewe, “...liko sawa.”

“Asante, Fundi,” akajibu kule juu, akaachia breki.

Kona ya tatu inakuja. Wa thelathini na sita wa bandia ananigeukia, anafungua mdomo na kuufunga. Wa thelathini na tano anaanza kulia kama chuma kinavyolia. Ti. Ti. Ti.

Nikaamka. Ti, ti, ti ilikuwa inaendelea.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Sauti ilitoka kibandani. “Mwalimu amekuja kuchukua tairi lake,” Namkunda alisema kutoka uani. “Nimemfungulia, wewe ulikuwa unakoroma kwa noti mbili.”

Nilitoka mbio, shati nimevaa ndani nje. Mwalimu Aikande alikuwa amesimama mbele ya gurudumu, kofia yake ya mbio mkononi, kichwa kimeinama upande kama anavyowasikiliza watoto wa kwaya. Alikuwa anazigonga spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, Fundi. Umezisuka vizuri.” Ti. “Baba alikuwa akinikalisha chini ananigongea hivi hivi nikiwa mdogo. Upande huu sauti ya juu, upande huu besi. Mimi muziki nilianzia hapa, si kanisani.” Ti. Ukucha ulikuwa umebakiza spoku sita. Tano. “Kwa hiyo liko sawa? Niachie breki mlima wote?”

Mdomo ulifunguka wenyewe. Niliushika kwa mkono.

“Hapana,” nikasema. “Mwalimu, ishia hapo. Hiyo ya mwisho ni ya uongo. Haivuti. Ni waya na gundi na rangi.”

Aliinama karibu na spoku ile. Kisha akaigonga. Haikulia, ilisema tk, kama mtu anayefunga kabati.

“Na ya kweli iko wapi?”

“Niliichomea maini. Shemeji alikuja.”

Nilingoja anifokee, maana nilistahili. Aliweka kofia yake juu ya benchi, akakaa, akapitisha kidole kwenye ile habu ya baba yake.

“Shemeji alishiba?” akauliza.

“Alishiba.”

“Basi mimi naanza saa tatu na nusu kule Usangi, na gari la kutupandisha linaondoka saa mbili. Baiskeli yako ina spoku za urefu huu, nimeshaipima kwa macho. Utaitoa ipi?”

Niligeuza baiskeli yangu miguu juu na kutoa ile niliyoiona nzuri kuliko zote. Nikaing'oa ya bandia, nikaiingiza hii mahali pake. Robo mzunguko, robo mzunguko. Mwalimu aliigonga, ikalia sawa na wenzake, naye akaguna kwa namna ambayo kwa mwalimu wa kwaya ni sifa kubwa. Sijui kama ni macho yangu, lakini spoku ya jirani, ya thelathini na tano, ilionekana kulegeza mabega.

Nilipomkabidhi gurudumu hakulipokea mara moja. Alikuwa ananitazama usoni.

“Fundi.”

“Naam, Mwalimu.”

“Jifute mdomo. Una chaki.”

Nikajipangusa kwa kiganja. Kiganja kikatoka cha bluu.

“Chaki za bluu zilituishia shuleni tangu muhula uliopita,” Mwalimu Aikande alisema. “Mwanga nzima hakuna. Wewe hiyo umeipata wapi?”

Nikamwambia nitamweleza akishafika bondeni.